Masika ni kazi ya Februari

Mmeuliza wiki hii: "Masika unaitunzaje bustani ya mboga isikuharibikie?" Kwa sisi wa Pemba, ambako Machi hadi Mei mvua hushinda na kukesha, jibu langu ni kuanza mapema. Februari, ardhi ingali kavu, nainua matuta na kuchimba mifereji. Shamba letu liko ubavuni mwa kilima, juu ya bonde la mpunga, kwa hiyo matuta nayakingamisha mteremko na mfereji naupa mwinamo mdogo tu, maji yatoke bila ya kuondoka na udongo. Juu natandaza nyasi kavu au makuti makuukuu, matone yasirushe tope kwenye majani ya tungule, yaani nyanya. Maradhi mengi ya majani huanzia hapo.

Lakini linaloumiza wakulima zaidi ni mnyauko. Asubuhi mche mzima, mchana umelegea na majani yake bado mabichi. Kata kipande cha shina karibu na mzizi, kining'inize kwenye gilasi ya maji safi, usikitikise. Baada ya dakika chache ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinateremka, ni mnyauko wa bakteria, na hakuna dawa ya kupulizia itakayouponya. Ng'oa mche na mizizi yake, utoe nje ya shamba, osha jembe. Muhimu zaidi, ziba njia ya maji yanayotoka tuta hilo kwenda mengine, kwani bakteria hao husafiri na maji. Pale pale usipande biringani wala pilipili, ni ukoo mmoja na tungule. Panda mahindi.

Najua tungule hupanda bei masika, ndiyo maana watu huzing'ang'ania hata bondeni. Nawasihi wenzangu, bonde tuuachie mpunga. Kwenye matuta ya chini natia matembele, ambayo mvua huyanenepesha, na bamia juu kidogo. Mchicha naupa samadi kidogo kidogo mara kwa mara, maana mvua kubwa huishusha rutuba chini ya mizizi, na mbegu zake nazifunika makuti mpaka zichipue, zisisombwe.

Konokono tunawaokota usiku kwa tochi, mvua ikikatika. Majivu ambayo wengi huyasifu hayafai kitu yakisharowa.