Kuandika historia ya Oman bila kuegemea upande mmoja

Ndugu muulizaji, nimeelewa kwamba rasimu yako kuhusu Oman inaanzia 1970, Qaboos alipompindua baba yake, Sultani Said bin Taimur, na kushika utawala, nawe unahofia kuwa inasomeka kama sifa tupu. Rudi nyuma hadi Mkataba wa Seeb wa 1920, uliogawa mamlaka kati ya Sultani wa Maskati na uimamu wa bara (utawala wa imamu, kiongozi wa dini, katika sehemu za ndani ya nchi), kisha ueleze kwamba mafuta yalianza kuuzwa nje 1967, Said akiwa bado madarakani (wengi hulisahau hilo). Vita vya Dhofar, yaani uasi wa kusini mwa Oman dhidi ya Sultani, visimulie kwa midomo ya waasi pia, si ya maofisa wa Kiingereza waliopigana upande wa Sultani pekee. Wazee wa Kiomani waliotoka Zanzibar wahoji kwa Kiswahili, lakini kabla ya kuchapa majina yao, pata ridhaa yao na umwone mwanasheria, kwa kuwa sheria za huko kuhusu kumkosoa Sultani ni kali.