Simu ya intaneti isiyomaliza bando: hesabu pakiti kabla ya kugusa kodeki

Programu ya kupigiana simu ikilalamikiwa kwamba inakula bando, watengenezaji wengi hukimbilia kodeki, yaani programu inayobana sauti. Opus, kodeki ya sauti, inashushwa kutoka kilobiti 24 kwa sekunde hadi 16, kisha 12, mpaka msemaji anasikika kama yuko ndani ya pipa, na bando linaisha vilevile. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya kinachosafiri si sauti bali bahasha ya kila pakiti (kifurushi cha data) iliyoibeba.

Piga hesabu kwa kalamu. Opus ya kilobiti 16, fremu (vipande vya sauti) za milisekunde 20 kama WebRTC, mfumo wa simu uliomo ndani ya vivinjari, inavyoanza nazo: kila pakiti ina baiti 40 za sauti. Ongeza vichwa, yaani maelezo ya usafiri yanayotangulia sauti: cha IP baiti 20, UDP 8, RTP 12, na muhuri wa usalama wa SRTP 10. Jumla 50, yaani bahasha imeizidi barua uzito. Kwa kuwa pakiti ni 50 kila sekunde, bahasha peke yake zinakula kilobiti 20, mkondo mzima unafika 36, na maongezi ya saa moja, kwenda na kurudi, ni MB 32 hivi. Sasa refusha fremu iwe milisekunde 60 bila kugusa kitu kingine. Pakiti zinashuka hadi 17 kasoro kwa sekunde, bahasha zinabaki na kilobiti 6.7, na saa ile ile inakuwa MB 20 na ushei. Zaidi ya theluthi ya bando imeokolewa, na sauti ni ile ile. Kwenye IPv6, toleo jipya la IP, ambako kichwa kina baiti 40, utaokoa zaidi.

Gharama ipo. Fremu ya 60 inaongeza milisekunde 40 za kusubiri kabla pakiti haijaondoka, na pendekezo la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, namba G.114 linataka ucheleweshaji wa upande mmoja, kutoka mdomoni hadi sikioni, usizidi milisekunde 150 ili watu wasianze kukatizana maneno. Pia kila pakiti inayopotea inaondoka na kipande kirefu zaidi. Kwa Kiswahili hili si dogo, kwa sababu kukanusha kwetu kunakaa kwenye silabi moja mwanzoni mwa neno. Mtu amesema "sitakuja", ile "si" imemezwa na mtandao, upande wa pili umesikia "takuja" na umeshaanza kupika. Kwa hiyo usifungie 60 muda wote. Tumia 20 mtandao ukiwa mzuri, hamia 60 makadirio ya kasi yakishuka chini ya kilobiti 40, na usirudi 20 mpaka yapite kilobiti 60. Usipoacha nafasi kati ya namba hizo mbili, programu itakuwa inarukaruka kila sekunde.

Ndani ya Opus kuna kinga ya upotevu: nakala hafifu ya fremu iliyopita hubebwa ndani ya pakiti inayofuata. Wengi huandika useinbandfec=1, mpangilio wa kuiwasha, na kudhani kazi imekwisha. Ukitumia libopus, maktaba ya programu ya Opus, moja kwa moja, lazima pia uiambie asilimia ya upotevu unayotarajia. Ikibaki sifuri, nakala haiandikwi kabisa. Tena inafanya kazi tu pale Opus inapotumia sehemu yake ya SILK, ile ya maongezi. Ukipandisha kasi hadi ya muziki, Opus inahamia sehemu yake ya CELT na kinga inatoweka kimyakimya. Nakala hiyo hailetwi bure, inakatwa kwenye bajeti ile ile, hivyo kilobiti 20 zenye kinga ni chaguo bora kuliko 16 zisizo nayo kwenye mtandao unaopoteza pakiti.

Na usedtx=1, mpangilio wa kubana kimya? Iwashe. Mtu akinyamaza, Opus hutuma fremu moja kila milisekunde 400 badala ya mfululizo. Ila usiwaahidi watu wa biashara muujiza: anayepiga simu akiwa stendi ya daladala hanyamazi kamwe kwa masikio ya kodeki. Na upande wa msikilizaji weka mvumo mdogo wa bandia wakati wa kimya, la sivyo utasikia "haloo? haloo?" kila baada ya sentensi.

Kuhusu video, kanuni ni moja: sauti ina haki ya njia. Mnara wa simu ukizidiwa, kwa kawaida hautupi pakiti mara moja, unazipanga foleni. Ucheleweshaji unapanda kwanza, upotevu unakuja baadaye, na ukisubiri upotevu ndipo upunguze kasi, sauti imeshakwama nyuma ya picha sekunde nzima. Ndiyo maana kidhibiti cha msongamano cha WebRTC kinatazama jinsi pakiti zinavyozidi kuachana wakati wa kufika. Sehemu yake inayohesabu upotevu ni ya pili: chini ya asilimia 2 inapandisha kasi, kati ya 2 na 10 inatulia, juu ya 10 inapunguza. Usiizime sehemu ya kwanza eti inashusha ubora wa picha. Inaokoa maongezi.

Kwa kupunguza, anza na fremu za picha kutoka 30 hadi 15 kwa sekunde, kisha ukubwa kutoka 640×360 hadi 320×180, kisha zima picha kabisa na uandike wazi kwenye kioo kwamba imezimwa kwa ajili ya mtandao. Picha iliyoganda uso umepinda ni mbaya kuliko kutokuwa na picha. Isipokuwa kwa viziwi wanaotumia lugha ya alama: kwao geuza mpangilio, punguza ukubwa kwanza na uzilinde fremu, maana mkono unaoruka fremu hausomeki.

Kitu kinachoua video kwenye mtandao hafifu kuliko vyote ni fremu kamili, ile isiyotegemea iliyotangulia. Ni kubwa mara kadhaa kuliko fremu za kawaida. Mpokeaji akipoteza kitu anaiomba, mtumaji anaimwaga yote kwa mkupuo, foleni inajaa, pakiti zinapotea tena, ombi jingine linatumwa. Katiza mzunguko huo: jaribu kwanza kurudisha pakiti iliyopotea yenyewe, ruhusu ombi la fremu kamili lisizidi moja kwa sekunde, na zitawanye pakiti zake badala ya kuzitupa zote pamoja. Kila pakiti isizidi baiti 1,200.

Mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, kwa hiyo simu nyingi zitashindwa kufikiana moja kwa moja na zitapita kwenye seva ya TURN, inayopokea pakiti za mmoja na kuzipitisha kwa mwenzake. Angalia imewekwa wapi. Nuru ndani ya waya wa nyuzi hukimbia takriban kilomita 200 kwa milisekunde. Mtu wa Dar es Salaam akiongea na wa Mwanza kupitia seva iliyoko Frankfurt, pakiti inatembea zaidi ya kilomita 13,000 hata ungenyoosha rula kwenye ramani. Hizo ni milisekunde 65 na zaidi kutoka kwenye zile 150, kabla ya mnara, bafa (akiba ya pakiti kwa mpokeaji) na fremu hazijachukua zao. Na nyaya za baharini zikikatika, kama EASSy na Seacom zilivyokatika Mei 2024, simu ya ndani ya nchi inakufa bila sababu. Kodi seva ndogo Dar es Salaam au Nairobi, kwenye kituo kilichounganishwa na TIX au KIXP, vituo vya kubadilishana data ya intaneti vya Tanzania na Kenya. Fungua mlango wa UDP 3478, na TLS, njia iliyofumbwa inayopita juu ya TCP, kwenye 443 iwe kimbilio la mwisho tu, kwa kuwa TCP ikipoteza pakiti moja inazisimamisha zote zilizo nyuma yake.

Mtumiaji akitoka nyumbani, Wi-Fi inabaki na simu inahamia 4G, anwani inabadilika. Kuita restartIce(), amri ya WebRTC ya kutafuta njia upya, hakutoshi, kwani WebSocket, muunganisho wa programu na seva, inayopaswa kubeba ujumbe huo nayo imekufa na yenyewe bado haijui. Ifufue hiyo kwanza, mara tu mfumo unapotangaza mtandao mpya, bila kungoja muda wake wa kukata tamaa.

Kabla ya kutoa toleo, bana mtandao kwa makusudi kwenye kompyuta ya Linux iliyo katikati ya simu mbili:

tc qdisc add dev eth0 root netem delay 100ms 20ms loss 5% rate 80kbit

Amri hiyo hubana kinachotoka tu, kinachoingia hakiguswi. Wengi hupima upande mmoja na kujipongeza. Iweke kwenye kadi zote mbili za mtandao. Upotevu wake pia hutokea kwa kutawanyika, ilhali wa mtandao wa simu huja kwa mafungu, kwa hiyo rudia jaribio kwa loss gemodel 2% 30%. Hapo ndipo kinga ya Opus, inayofidia fremu moja tu, itakapoonyesha ukomo wake.