Mhusika wako amevaa nini, na kavaaje?

Hadithi yangu ndefu ya kwanza ilikuwa na tajiri mwenye suti nyeusi, jambazi wa miwani ya giza na binti mpole aliyejitanda khanga. Nilimsomea shangazi yangu, ambaye amekuwa akishonea watu nguo barazani kwake Tanga tangu sijazaliwa. Alisikiliza huku anakanyaga cherehani. Nilipomaliza akauliza, "Hiyo suti ya huyo bwana mkubwa, mabega yamemkaa?" Sikujua. "Basi mwanangu, humjui huyo mtu wako."

Nilinuna wiki nzima, kisha nikaanza kushinda pale barazani. Kumbe suti peke yake haisemi kitu. Kinachosema ni mtu anavyoishi nayo: kanunua au kaazima, anafua mwenyewe au anafuliwa, akikaa anavuta suruali magotini isijikunje au anajibwaga tu. Siku moja alikuja mwalimu mstaafu na shati la kugeuzwa kola. Kola ikichakaa, fundi huifumua, akaigeuza ili upande mzima uje nje, akaishona upya. Mzee alilivaa palepale, akafunga vifungo mpaka cha shingoni, akalipa kwa sarafu alizokwisha kuzihesabu nyumbani. Ningeandika kwamba alikuwa masikini anayejiheshimu, nisingefika hata nusu ya alichokionyesha kwa kile kifungo cha shingoni.

Kwa hiyo usimweleze mhusika kuanzia kofia hadi kandambili. Chagua kitu kimoja, halafu mpe kazi ya kufanya nacho.

Na tafadhali, usiandike "alivaa khanga" ukaishia hapo. Khanga ina pindo, ina mji, ina jina, na wanawake wa pwani wamegombana kwa majina hayo bila kufungua kinywa. Jiulize pia nani aliichagua. Nina hadithi ambayo mume anamnunulia mkewe doti kwa kupenda rangi tu, jina hajalisoma. Mke anaikunjua kitandani: "Umdhaniaye ndiye kumbe siye". Anaisoma mara mbili, anaikunja, anaenda kuandaa chakula. Mume anangoja ashukuriwe. Sikulazimika kuandika kwamba yeye ni mtu asiyetazama anachokifanya.

Ukiandika ya zamani, kuwa mwangalifu zaidi. Unguja, utumwa ulipofutwa mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliziacha kaniki na merikani, vitambaa hafifu walivyovishwa utumwani, wakaanza kujifunga khanga na kujifunika vichwa. Mhusika wako wa mwaka 1900 anayetoa fedha zake mwenyewe kununua doti hajipambi tu. Anataka mtaa umwone kuwa si mali ya mtu. Au vuka hadi Zaire ya Mobutu, ambako suti na tai vilipigwa marufuku, wanaume wakavaa abakosti, koti lisilovaliwa na tai, na tai haikuruhusiwa tena hadi mwaka 1990. Karani wa Nairobi mwaka 1980 anafunga tai kwa sababu ni Jumatatu. Mwenzake wa Kinshasa akiifunga mbele ya kioo, mlango umefungwa, hiyo ni hadithi nyingine kabisa.

Yale ya mazoea yaepuke: baibui kwa mcha Mungu, rasta kwa mvuta bangi, mitumba kwa fukara. Mitumba hasa ndiyo inayonikera, maana nimewaona wenye magari yao wakiwahi soko la Karume, Dar es Salaam, alfajiri belo linapofunguliwa, wanagombea koti na mtu aliyekuja kwa miguu. Anayejua nguo nzuri huijua kwa kupapasa mshono wa ndani, na hilo nalo ni tabia ya kuandikwa.

Yule tajiri nilimwandika upya. Suti sasa inampwaya, ilikuwa ya kaka yake marehemu ambaye yeye alimdhulumu mirathi, na kila akinyoosha mkono kusalimia, mkono wa koti unamfunika vidole. Nikampelekea shangazi. Safari hii alisimamisha cherehani. "Na hampelekei fundi aipunguze," akasema, "kwa sababu anajua fundi atamuuliza ilikuwa ya nani." Hilo sikuwa nimeliwaza. Nimeliingiza ukurasa wa nne.