Kazi ya kufuatilia ndege wa porini na kufundisha watoto mazingira huku Mtwara na Lindi: namjibu aliyeuliza habari za mdogo wake

Mkuu, umeuliza mdogo wako wa kike kamaliza form six ya CBG (kemia, baiolojia na jiografia), anataka akasomee wanyamapori halafu afanye kazi za ndege na kufundisha watoto wa shule mambo ya mazingira, na nyumbani wazee wanasema hiyo ni kazi ya wazungu wenye hela zao. Ukauliza humu kuna mtu anaifanya kweli na anakula. Mimi nipo. Nakaa Mikindani, huu mwaka wa 11 naifanya, muda mwingi Mtwara vijijini na mara nyingi tu nakuwa upande wa Lindi, nitakujibu kwa niliyoyaona mwenyewe.

Nianze na hela maana najua ndo kinachowasumbua wazee. Serikalini nafasi zipo, TAWA (mamlaka ya wanyamapori), TFS (wakala wa misitu), hifadhi ya bahari, maafisa wanyamapori wa halmashauri, zinatangazwa kwa Sekretarieti ya Ajira na wanaoomba ni wengi kuliko nafasi. Na TAWA na TFS siku hizi ni jeshi usu, kuna mafunzo ya kijeshi, kwa hiyo ajue kabisa atakimbia na atalala porini. Kwenye mashirika ni mikataba ya mradi, mwaka 1 au 2, mradi ukiisha na mkataba umeisha. Mi kati ya mradi na mradi nimepalilia korosho za baba, nimefundisha tuisheni ya baiolojia, kuna miezi 4 niliendesha boda. Sijawahi kulala njaa na sijawahi kujenga nyumba ya haraka haraka. Hiyo ndo hali, asidanganywe.

Sasa kazi yenyewe. Watu wanadhani ni kushika darubini na kufurahi. Sehemu kubwa ni kurudi palepale, siku ileile ya mwezi, na kuandika. Kila Januari kuna sensa ya ndege wa majini, inafanyika nchi nyingi duniani toka 1967, na sisi ghuba ya Mikindani tunahesabu. Huku kwetu lazima ujue maji kwanza ndo ujue ndege. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kukauka kupita kiasi, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, kwenye saa 4 au 5 asubuhi bahari imekauka mpaka mbali, ndege wametawanyika kwenye tope huwaoni vizuri, akina mama nao wapo hukohuko wanatanda samaki kwa nguo na kuchokoa pweza. Alasiri kwenye saa 10 maji yanajaa, yanawasukuma ndege wote wanabanana kwenye kipande kidogo cha mchanga karibu na mikoko, hapo ndo unahesabu, na una kama nusu saa kabla mbwa au mtoto hajapita wakaruka wote. Hauhesabu mmoja mmoja, unahesabu 10 unaangalia wamechukua nafasi gani, halafu unasogeza hiyo nafasi kwa macho, kumi, kumi, kumi, huku mwenzako anaandika. Mwaka wa kwanza mi na mwenzangu tulihesabu kundi lilelile tukapishana kwa zaidi ya 200, ilituchukua misimu miwili tukaanza kukaribiana.

Na hao ndege si wa hapa tu, hapo ndo watoto wanapofungua macho. Wale kitwitwi wadogo wenye mdomo uliopinda kidogo, ndege hafiki gramu 100, kazaliwa kaskazini kabisa ya Urusi. Wanafika huku kusi ikielekea kukata, wanashinda kaskazi yote kwetu, kwenye mwezi wa 4 wengi wanakuwa wameshaondoka. Mama mmoja wa Msimbati aliniambia yeye anajua kusi imekata kwa kuwaona hao, kabla upepo wenyewe haujageuka. Mi nilikuwa na vitabu na chati, hilo sikuwa nalo, nikaliandika kwenye daftari kama data nyingine yoyote.

Ninayempenda kuliko wote ni membe. Mweupe na mweusi, miguu mirefu, mdomo mweusi mnene kama koleo maana kazi yake kuvunja kaa. Kwenye ukoo wake yuko peke yake dunia nzima, hana ndugu wa karibu. Anazalia kwenye fukwe za Uarabuni na Bahari ya Shamu, tena anachimba shimo kwenye mchanga kama kaa mwenyewe, anataga humo yai 1 tu, jeupe. Halafu anakuja huku na mwanae. Siku moja tuko na watoto wa darasa la 5, mtoto wa kike akanivuta shati akaniambia mwalimu mwangalie yule wa kijivu, mkubwa kama mama yake na bado anaomba chakula. Nikaweka jicho kwenye teleskopu, kweli, kinda limekua kimo sawa na mzazi, limeinamisha kichwa linalia linamfuata nyuma nyuma, mama akapata kaa akampa. Mi nilishalisoma hilo kwenye kitabu ila nilikuwa sijaliona kwa macho, kaliona mtoto wa miaka 11 kwa kukaa kimya dakika 20. Toka siku hiyo darasa langu la ufukweni dakika 20 za kwanza hakuna anayeongea, hata mimi.

Sasa hapo kwenye kufundisha ndo nataka mdogo wako asikilize zaidi, maana mi nilianza vibaya. Nilipewa mabango mazuri ya rangi, flamingo, mbuni, tai wakubwa. Nikaenda nayo shule moja, nikaongea saa nzima, mwisho mtoto akauliza katika hao yupi yupo hapa kijijini. Nikaangalia bango zima, hakuna hata mmoja. Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea, mabango nikayaweka kabatini. Kuanzia hapo nikienda shule naanza na kilichopo, kilichodondoka, kinachoshikika mkononi.

Na hapa nitakuhadithia habari ya bundi, ndefu kidogo ila ndo imenifundisha hii kazi kuliko chuo.

Ilikuwa shule ya msingi upande wa Lindi vijijini, nilikuwa napita nikitokea Rondo. (Rondo ni msitu wa pekee sana, kuna ndege wa madoadoa kifuani anayefukua majani makavu chini na yuko hatarini kupotea, na kuna komba mdogo kabisa anayeitwa kwa jina la huohuo msitu, watu wa Lindi mna mali pale.) Mwalimu mkuu aliponiona akasema afadhali umekuja, tuna kesi ya ndege. Kwenye chumba cha stoo wanakoweka mahindi ya uji, yale wazazi wanayochanga, kulikuwa na bundi kaingilia kwenye tundu la dari. Uso mweupe umekatwa kama kopa la karata. Na mwezi uleule mtoto wa darasa la 3 alikuwa amefariki kwa homa. Wazazi walikuwa wameshakaa kikao, wamesema yule ndege auawe.

Mkuu, hapo usianze kusema habari za ushirikina. Kuna mzazi kazika mtoto wiki 3 zilizopita. Mi nilikaa chini na wazee, nikatoa pole, nikaomba siku moja tu kabla hawajafanya lolote, nikaomba na ufunguo wa stoo.

Chini ya tundu kulikuwa na vidonge vyeusi vyeusi vimekauka, ukubwa wa kidole gumba, watoto wakasema mavi ya bundi. Sio mavi. Bundi anameza panya mzima mzima, nyama inasagika, manyoya na mifupa tumbo linavifinyanga anavitapika. Tukaokota 14. Tukaviloweka kwenye makopo ya maji ya uvuguvugu, watoto wa darasa la 6 wakavifumua kwa miiba ya mlimau juu ya gunia jeusi. Kimya kabisa. Kwanza inatoka sufi ya kijivu, halafu mifupa myembamba kama sindano, halafu fuvu, dogo kama punje ya korosho, meno mawili ya mbele marefu ya rangi ya chungwa bado yapo. Mvulana mmoja akalibandika kwenye ncha ya kidole akalinyanyua juu wenzake waone. Tukahesabu mafuvu tu, 41. Kwenye vidonge 14. Na vile ni vya siku chache tu, bundi hutapika kimoja au viwili kwa siku.

Mafuvu tukayapanga kwenye sinia, jioni wazee wakaja. Sikuhutubia. Watoto ndo waliongea, mmoja akaonyesha gunia la mahindi lililotobolewa na panya, akaonyesha sinia, akakaa. Wazee wakaongea kimwera kidogo wenyewe kwa wenyewe, wakakubali aachwe mpaka mavuno yajayo waone. Bibi wa yule mtoto marehemu alikuwepo. Alikuja pale kwenye sinia akaangalia muda mrefu, akaniambia, "Mjukuu wangu, panya nimewaona. Ila huyo ndege asilie juu ya bati langu." Nikamjibu nimekuelewa bibi. Sikuwa na la kuongeza na mpaka leo sina.

Msimu uliofuata walikuwa bundi wawili, wakataga humohumo stoo. Mwaka mwingine mmoja akakutwa nyuma ya vyoo kapigwa mawe, hakuna aliyesema nani. Watoto wenyewe ndo walionipigia kwa simu ya mwalimu kunieleza, na walikuwa wamemzika. Wa pili alikuwepo bado nilipopita mara ya mwisho. Sasa huyo mdogo wako kama anataka kazi ambayo unashinda moja kwa moja, hii siyo. Unarudi, unarudi tena.

Kitu kingine, ahadi. Kuna shirika moja, jina naliacha, walinitumia mimi kama mwenyeji, wakaja shule 2 za hapa Mtwara, wakapiga picha na watoto, wakaahidi madaftari na darubini 10. Hawakurudi na simu hawakupokea. Mi ndo ninayeishi hapa, miaka miwili kila nikipita pale watoto wananiuliza darubini zitakuja lini. Iliniuma sana na bado inaniuma. Mwisho nilinunua moja ya mtumba kwa hela yangu nikaipeleka, watoto 60 wanapokezana. Amwambie mtu yeyote atakayemwajiri kwamba yeye haahidi kitu ambacho hakipo mkononi.

Watoto pia wanauliza maswali yanayokusukuma kusoma. Lindi kila mtoto amesikia habari za mjusi wa Tendaguru, mifupa iliyochimbwa na Wajerumani 1909 mpaka 1913 ikapelekwa Berlin. Ukiwaambia ndege wote wametokana na ukoo huohuo wa dinosaria, kwamba kuku wa mama yao ana undugu na yule, darasa linalipuka, na halafu wanauliza kwa nini mifupa iko huko. Ajiandae kujibu kwa ukweli. Na sio kila ndege nawatetea, kunguru wa India waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wawe wanakula taka, leo wamejaa pwani yote wanakula mayai na makinda ya ndege wengine, watoto lazima walijue na hilo.

Kwenye kusoma: chuo cha wanyamapori Mweka, kule Kilimanjaro, kipo toka 1963 na kinaheshimika, SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro wana shahada ya wanyamapori, chuo cha Pasiansi Mwanza ni zaidi kwa askari wa wanyamapori. Ila asisubiri chuo. Malihai Clubs, klabu za wanafunzi za mazingira, zipo mashuleni toka 1980, atafute mwalimu mlezi wa karibu ajitolee. Nature Tanzania, ambao ndo washirika wa BirdLife, shirika la kimataifa la kulinda ndege, hapa nchini, afuatilie shughuli zao. Kwenye simu aweke Merlin ya kutambua ndege na eBird ya kuandika anachokiona, za bure zote, na pembeni awe na daftari la karatasi maana huku vijijini chaji ni shida. Na ajue majina ya hapa. Akija kijijini na jina la Kiingereza tu watu wanamsikiliza kwa heshima na hawamwambii kitu.

Kwa wazee wako, waambie hii kazi inafanywa na watoto wa huku. Tunaohesabu ghuba yetu tuko 7, wawili walimu, mmoja mvuvi, mmoja alikuwa bingwa wa manati mtaani kwetu na ndo mwenye jicho kali kuliko sisi wote.

Kama yuko tayari, Januari bamvua ya kwanza aje Mikindani, tunaanza saa 9 alasiri. Avae suruali na raba za zamani za kufunga kamba, sio ndala, tope la mikoko linavua ndala na chini kuna chaza wanakata nyayo. Maji ya kunywa abebe lita mbili. Kalamu ya risasi, ya wino ikilowa inafuta kila kitu. Pa kulala atafikia kwa mke wangu na mama, niandikie pembeni nikupe namba.