Kilichoishinda mvua ni fataki

Je, gumegume, bunduki iliyowasha baruti kwa cheche za jiwe, ilimaliza shida ya bunduki kugoma kwenye mvua? Hapana. Ilichoondoa ni ule utambi wa kuwaka muda wote wa bunduki za awali, uliomfichua askari usiku na ungeweza kulipua baruti ya jirani yake. Baruti ya kuwashia bado ilikaa kwenye kisahani nje ya mtutu. Ikilowa tu, umebaki na rungu. Dawa ilikuwa fataki, kikofia cha shaba chenye kemikali inayolipuka ikigongwa. Jeshi la Uingereza lilijaribu bunduki za aina zote mbili huko Woolwich, karibu na London, mwaka 1834, risasi 6,000 kwa kila aina: gumegume iligoma mara 922, fataki 36. Ila jiwe huokotwa, fataki hununuliwa. Wawindaji wengi wa magharibi mwa Marekani hawakuwa na haraka ya kubadili.