Go imekataa kuwaka kwenye seva

SWALI: Asalamu alaikum. Tovuti ya nyumba yetu ya wageni niliiandika kwa lugha ya programu ya PHP, sasa nimeipenda nyingine, Go, nikaiandika upya. Kwenye Windows yangu inakwenda vizuri, kwenye seva ya Linux haiwaki. Nakosea wapi?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waalaikumu salaam. PHP unapandisha msimbo wenyewe. Go unapandisha faili moja lililokwisha kujengwa, na la Windows halikubali Linux. Katika PowerShell (dirisha la amri la Windows) andika `$env:GOOS="linux"`, kisha `$env:GOARCH="amd64"` (au `arm64`, kwa mujibu wa kichakataji cha seva), ndipo `go build`. Bando likiwa dogo, ongeza `-ldflags="-s -w"`, faili litapungua. Kwenye seva, lipe ruhusa: `chmod +x`.

Likiwaka bila kurasa, violezo (mafaili ya sura za kurasa) umeviacha nyumbani. Vifungashe ndani kwa `//go:embed`, iliyokuja na Go 1.16 mwaka 2021, mstari wa juu ya kigeu chenyewe (jina linaloshika data katika msimbo). Usiache nafasi baada ya mikwaju (`//`): ukiacha, Go huuona mstari huo kuwa maelezo tu, wala haikuambii kitu. Hapo wengi huhangaika usiku kucha.

Kukataa kwa Go kigeu usichokitumia kutakuudhi wiki ya kwanza. Vumilia.