Aliposema "Nipo Fiti, Dada", Nikamwamini

Mwaka wa sita huu nasimamia duka la jumla na rejareja hapa Mbeya, hatua chache tu kutoka soko la Mwanjelwa. Jina la duka silitaji. Tajiri wangu hasomi mambo ya mtandaoni, na hata akisoma, haya yote nimeshamwambia usoni.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa Januari, mvua imeanza tangu alfajiri. Wenyeji wanajua, kuanzia Novemba hadi Aprili kila mteja anaingia dukani na udongo wake chini ya viatu. Sakafu yetu ni marumaru nyeupe, zile zinazong'aa. Tulikuwa na mtindo ambao hakuna anayekumbuka nani aliuanzisha: mvua ikinyesha tunapasua maboksi ya sabuni na kuyatandika kuanzia mlangoni hadi kaunta. Boksi kavu linanyonya maji vizuri. Likishalowa upande wa chini, linateleza juu ya marumaru kuliko hata hiyo sabuni iliyokuwemo.

Kijana mmoja, dukani tulimwita Dogo na hapa nitamwita hivyo hivyo, alikuwa anatoa mfuko wa sukari wa kilo 50 stoo kuupeleka kwenye bajaji ya mteja. Akakanyaga boksi, boksi likaondoka na mguu wake. Mfuko ukaenda kulia, yeye akaenda chini akitanguliza mkono. Nilikuwa kaunta, nimeona kila kitu. Nasema hili kwa aibu: macho yangu yalikwenda kwenye mfuko kwanza. Haukupasuka.

"Dogo, vipi?"

Akainuka, akajipangusa suruali, akacheka na wateja waliokuwa wanacheka. "Nipo fiti, dada."

Nikamtolea diklofenaki mbili kwenye droo ya keshia, nikamwambia apumzike dakika kumi. Foleni ilikuwa hadi barazani, mwisho wa mwezi watu wameshika mshahara. Baada ya dakika tano alikuwa kazini tena.

Jumatatu alikuja mkono umevimba. Nikampa nauli na hela ya picha ya eksirei, akaenda hospitali, picha ikatoka safi. Kwenye kadi yake daktari aliandika arudi baada ya wiki mbili kama maumivu hayajaisha. Hakurudi. Kibarua akikosa siku, hela ya siku hiyo hana, na mimi niliyejua hilo sikumuuliza. Nilishajiambia kwamba picha ni safi, basi yamekwisha.

Wiki ya tatu ndipo nilipogundua, na ni kwa sababu ya kufuli. Dogo ndiye aliyekuwa anafungua stoo asubuhi. Siku hiyo nilikuwa nyuma yake, nikamwona ameingiza ufunguo, akajaribu kuuzungusha kwa mkono wa kulia, akakunja uso, kisha akahamishia mkono wa kushoto bila kusema neno. Alivyouhamisha haraka vile nikajua ameshazoea kufanya hivyo. Nikamwambia, "Leta mkono hapa."

Nyoosha kidole gumba chako juu, utaona kashimo kadogo kwenye kifundo cha mkono, pale wazee wanapowekea ugoro kabla ya kuuvuta puani. Nilimgusa hapo tu, akaruka. Picha ya pili ikaonyesha ufa kwenye mfupa mdogo unaoitwa skafoidi, ulio chini ya kale kashimo. Daktari alitueleza kwamba mfupa huo ni mmoja wa ile inayovunjika mtu akianguka kwa kutanguliza kiganja, kwamba mara nyingi ufa wake hauonekani kwenye picha ya siku za mwanzo, na kwamba damu inaufikia kwa shida, kwa hiyo ukicheleweshwa unagoma kuunga. Dogo alifungwa plasta ikakaa wiki nyingi. Nguvu za mkono ule hazikurudi zote.

Kisha tajiri akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Nani anasema aliumia hapa?"

Simlaumu sana. Siku ile alikuwa safarini Dar, na mimi sikumpigia. Kuna aliyemnong'oneza kwamba Dogo anacheza mpira kila Jumapili. Nikakimbilia kamera, mafundi wakaniambia mashine yetu inajifuta kila baada ya wiki mbili hivi. Kwenye kadi ya hospitali pameandikwa "alianguka", basi. Alianguka wapi? Mkataba hana, jina kwenye orodha ya mishahara halimo. Ushahidi pekee ulikuwa mdomo wangu, nami ndiye niliyeruhusu yale maboksi. Tajiri mwishowe alilipa hospitali kwa hela yake huku ananung'unika, Dogo akaondoka baada ya miezi michache. Siku hizi anauza viatu vya mtumba Kabwe. Tunasalimiana vizuri, vizuri kuliko ninavyostahili.

Kwa hiyo kama na wewe ni msimamizi, juu yako yuko tajiri, chini yako wako vijana, sikiliza. Mtu akianguka usimuulize kama yuko fiti. Atasema yuko fiti. Ana aibu, wateja wanamtazama, na anajua kuna vijana wengine watatu nje wanaitaka nafasi yake. Jukumu la kuamua kama ameumia limetoka kwake, limekuja kwako. Mpumzishe papo hapo. Kama ameanguka kwa mgongo au kichwa, usimnyanyue kwa pupa, na usikubali wale wasamaria wanaomshika mtu kwapa wakimvuta. Mwambie akuonyeshe panapouma kwa kidole kimoja, kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo na mtu wa kumsindikiza. Huyo msindikizaji ana kazi moja ambayo mimi sikuijua: kumwambia daktari kwamba huyu ameumia kazini, akibeba nini, saa ngapi, ili iandikwe kwenye kadi. Tarehe ya kurudi kliniki iandike kwenye kalenda ya duka, pale pale mnapoandika siku ya kupokea mzigo.

Kabla hamjafagia chochote, piga picha. Boksi lililoteleza, dimbwi la mafuta, ngazi iliyokatika. Itume kwenye kundi la WhatsApp la duka, saa itajiandika yenyewe.

Halafu kuna kaunta buku. Yangu nimeiandika "AJALI" kwa maka pen nyekundu, iko chini ya mashine ya risiti. Jina, saa, mahali, alikuwa anafanya nini, nani aliona, nimefanya nini. Mistari sita. Aliyeumia anasaini, aliyeona anasaini, nami nasaini. Naandika hata mtu akijikata kidole na kisu cha kufungulia maboksi. Mwanzoni walinicheka, wakaiita daftari la vidole. Lakini baada ya miezi minne nilifungua kurasa nikaona majeraha sita yametokea sehemu moja, kwenye rafu ya chini ya friji ya maziwa, pana bati limechomoza. Fundi alilikunja kwa dakika tatu. Bila daftari ningeendelea kusema vijana hawako makini.

Sasa sheria, maana hapa ndipo wengi tunapokosa. Nchini kwetu upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015. Mwajiri anachangia nusu asilimia ya mishahara anayolipa, na hairuhusiwi kumkata mfanyakazi hata senti. Tajiri wangu aliposikia "mfuko" akafikiri ni kodi nyingine. Nikachukua kikokotoo. Watu wanane, kila mmoja laki mbili na nusu, jumla milioni mbili. Nusu asilimia yake ni shilingi 10,000 kwa mwezi. Akaniangalia. "Elfu kumi?" Hata bei ya dumu moja la mafuta ya kula haifiki. Picha mbili na plasta ya Dogo vilimla zaidi ya michango ya mwaka mzima.

Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya ajali kwenye Mfuko ndani ya siku saba tangu aijue, na dai lenyewe lisizidi miezi 12. Mtu akishindwa kufanya kazi kwa muda, Mfuko unamlipa asilimia 70 ya kipato chake, na matibabu yapo. Wewe kama msimamizi ndiye saa inayoanza kuhesabu. Ukinyamaza siku saba, umewaponza wote wawili, kijana na tajiri.

Na lile la "huyu ni kibarua tu" lisikudanganye. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa hata bila karatasi, kwa mfano kama amekufanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Dogo alikuwa anazimaliza hizo saa 45 kwa wiki moja.

Kuhusu mizigo nina ugomvi usioisha. Mchele wa Kyela na Usangu unatufikia kwa magunia ya kilo 100, na yakishonwa lumbesa, yaani yakijazwa kupita mdomo wa gunia, yanapita hapo, na vijana wanashindana nani anabeba peke yake. Shirika la Kazi Duniani lilishapendekeza tangu 1967 kwamba mwanamume mtu mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Kwangu gunia ni watu wawili au toroli, anayebeba peke yake kwa sifa namrudisha nyumbani siku hiyo, na siku hiyo namlipa. Wengine wataona ninadekeza. Sawa.

Makeshia nao, ambao hakuna anayewahesabu kwa sababu hawaanguki. Wanasimama kwa muda wa saa tisa, jioni viatu haviingii. Nunua stuli.

Maboksi sakafuni nimepiga marufuku. Tuna mazulia mawili ya mpira, moja likilowa linaanikwa, lingine linatandikwa, na mvua ikizidi mtu mmoja anashika mopu na hapewi kazi nyingine. Anayelalamika kwamba huo ni upotevu wa mtu namwonyesha ukurasa wa kwanza wa kaunta buku. Pale nimeandika ajali ya Dogo, miezi miwili baada ya kutokea, kwa mkono wangu, bila sahihi yake.

Kilichobaki kilikuwa ngazi. Ile ya mbao ya stoo, kipandio cha tatu kimefungwa kwa kamba ya katani, kila mtu anajua kukiruka, isipokuwa mgeni. Nilimwomba tajiri ngazi ya chuma kwa miezi mitano. Jumanne iliyopita imefika. Ya mbao nimeipasua kuni mwenyewe jioni ile ile kwa shoka la jirani, kwa sababu najua ningeiegemeza tu nyuma ya stoo, Jumamosi yenye foleni ingekuwa imesharudi kazini.